Gari lililoitwa kwa jina la nauli yake

Jina la kitu mara nyingi hubeba historia yake. Wakazi wa Dar es Salaam hupanda daladala, na ndugu zao wa Nairobi hupanda matatu. Majina yote mawili yametoka mfukoni mwa abiria. Daladala ilipewa jina kwa sarafu ya shilingi tano, ambayo watu wa mjini waliiita dala, na makondakta wakawa wanainadi nauli hiyo vituoni: dala! dala! Matatu nayo ilitokana na mapeni matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi, nauli iliyotozwa katika siku zake za mwanzo. Na mbali sana na huku, katika mji wa Los Angeles, Marekani, mwaka 1914 yalizuka magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria njiani. Watu wakayaita jitney, neno la mitaani la sarafu yao ya senti tano.

Miji mitatu iliyo mbalimbali, vizazi tofauti, na watu ambao hawakupata kuonana. Wote walifanya jambo moja: waliliita gari kwa jina la nauli yake. Maana yake ni kwamba bei ilijulikana na kila mtu kabla gari halijasimama. Mtoto aliijua, mgeni aliyeshuka jana kutoka shamba aliijua, na kondakta hakuweza kuigeuza bila kituo kizima kupiga kelele.

Sasa tazama gari linaloitwa kwa simu ya mkononi. Hakuna awezaye kulipa jina la nauli yake. Safari ile ile, kutoka nyumba ile ile hadi ofisi ile ile, asubuhi ina bei hii, adhuhuri ina bei nyingine, na jioni mvua ikinyesha ina bei ya tatu. Abiria haoni imepatikanaje. Dereva naye haoni. Hapo ndipo panapozuka swali letu la juma hili: nani anayepanga nauli, na kwa kipimo gani? Swali hilo ni la zamani kuliko simu, na hata kuliko gari la mota.

Turejee London, karne ya 17. Magari ya farasi ya kukodi yalikuwa yamejaa mjini. Mwaka 1654 serikali ya Oliver Cromwell ilitoa amri ya kuwasimamia waendeshaji wake. Mwaka 1662, baada ya ufalme kurudi, Bunge likatunga sheria iliyoruhusu magari 400 tu na kutaja nauli ambazo waendeshaji wasizipite.

Kwa nini Bunge zima lihangaike na bei ya gari la farasi? Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kukwama barabarani usiku. Mnunuzi wa nyanya sokoni akiona bei haifai, huhamia meza ya pili. Abiria aliyesimama gizani, mzigo kichwani na mtoto mgongoni, hana meza ya pili. Aliye mbele yake ni mmoja tu, na mmoja huyo anajua kwamba yuko peke yake. Biashara ya safari hufanyika mahali na saa ambapo mmoja amebanwa na mwenzake hakubanwa. Ndiyo sababu tangu zamani wenye mamlaka waliona hapana budi kuingilia.

Lakini nauli iliyoandikwa na sheria ilikuwa na kasoro yake. Ili kuitumia ilibidi kujua safari ina umbali gani, na macho ya mlipaji na macho ya mlipwaji hayapimi sawa. Mwaka 1891 Mjerumani mmoja, Friedrich Wilhelm Gustav Bruhn, alibuni chombo cha kuhesabu umbali na muda, kikageuza hesabu hiyo kuwa fedha. Ndiyo mita, na ndiyo iliyotupa neno teksi. Mwaka 1907 mita ikawa lazima kwa teksi za London.

Nawaomba tuitazame mita hiyo kwa makini, maana tutairudia mwishoni. Mita haikuleta bei rahisi, wala haikumfanya dereva kuwa malaika. Ilifanya jambo moja kubwa: iliweka kipimo kimoja katikati ya watu wawili. Namba aliyoiona dereva ndiyo aliyoiona abiria. Na mtu wa tatu, yaani serikali, aliikagua mita hiyo na kuitia muhuri ili asipatikane wa kuichezea.

Sasa turudi kwa zile jitney za Marekani, kwa sababu ndizo mama wa jambo hili la mtu kubeba watu kwa gari lake mwenyewe. Mwaka 1914 hali ya uchumi ilikuwa mbaya, watu wengi hawakuwa na kazi, na magari yaliyokwisha kutumika, hasa Ford Model T, yalikuwa yameanza kupatikana kwa bei nafuu. Mtu aliyekosa kazi lakini ana gari aliweza kwenda kwenye njia ya tramu, akasimama mbele ya tramu, akawachukua abiria kwa senti tano ile ile. Jambo likaenea kama moto wa nyikani. Kufikia katikati ya mwaka 1915 ilikadiriwa kwamba nchi nzima ilikuwa na jitney 62,000.

Kampuni za tramu zililalamika, na malalamiko yao yalikuwa na ukweli ndani yake. Tramu ilitoza senti tano kwa safari fupi na senti tano kwa safari ndefu. Abiria wa karibu ndiye aliyemlipia wa mbali. Jitney zilichukua wale wa karibu, wenye faida, zikawaachia tramu wale wa mbali, wenye hasara. Serikali za miji, zikisukumwa na kampuni hizo, zikadai leseni, dhamana na njia maalumu. Kufikia mwaka 1918 jitney zilizosalia zilikuwa kiasi cha moja tu kwa kila kumi. Huu ulikuwa ushahidi wa kwanza kwamba anayebadili namna ya kutoza nauli hubadili pia nani atasafirishwa na nani ataachwa kituoni.

Nusu karne baadaye hadithi hiyo ikarudiwa kwetu, kwa sababu zetu wenyewe. Nairobi, kampuni ya mabasi ilikuwa na haki ya peke yake ya kubeba abiria mjini, na mitaa ya watu wa kipato cha chini ikabaki bila usafiri wa kutosha. Matatu ziliziba pengo hilo kwa kuiba njia, zikikamatwa na kuachiwa, mpaka mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta alipotoa ruhusa zifanye kazi bila leseni ya usafirishaji. Dar es Salaam, Shirika la Usafiri la UDA lililoanzishwa mwaka 1974 lilizidiwa na wingi wa watu na uchakavu wa mabasi. Magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa kificho, na mwaka 1983 Serikali ikayaruhusu rasmi.

Baadaye shilingi ikashuka thamani, sarafu ya dala ikakosa kazi, nauli ikapanda mara nyingi, na jina likabaki. Lakini nauli iliendelea kuwa ya kujulikana. Dar es Salaam ilipangwa na mamlaka, ikatangazwa redioni na magazetini, ikaandikwa ubavuni mwa gari. Je, hilo lilimaliza matatizo? Msafiri wa Mbagala au Kimara atakujibu mara moja. Bei ilipofungwa, wenye magari walipunguza kipimo. Dereva alikata ruti, akawashusha abiria katikati ya safari, akageuza, akatoza nauli mbili kwa njia moja. Mwanafunzi aliyepangiwa nauli ndogo akaachwa kituoni saa nzima, kwa sababu kiti chake hakimletei konda faida. Nairobi, ambako wenye matatu walijipangia nauli, mvua ilipotanda bei ilipanda kabla matone hayajafika ardhini.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba zamani kila kitu kilikuwa sawa. Ukiifunga bei, gari huadimika. Ukiiacha huru, aliyebanwa hukamuliwa. Kati ya kuta hizo mbili ndipo historia yote ya nauli inapopita, na ndipo ilipoingia simu ya mkononi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kijana mmoja wa Kimarekani, Logan Green, alipotembelea Zimbabwe aliona watu wakijazana katika magari madogo ya watu binafsi, kila kiti kikiwa na mtu. Alikumbuka barabara za kwao California, ambako magari ya viti vitano hubeba mtu mmoja mmoja. Mwaka 2007 akaanzisha huduma ya kuwakutanisha wenye magari na wanaokwenda njia moja, akaiita Zimride, kutokana na jina la Zimbabwe. Kutoka katika huduma hiyo, mwaka 2012, yeye na mwenzake John Zimmer walizindua Lyft mjini San Francisco. Kwa maneno mengine, babu mmojawapo wa teksi za simu ni ndugu wa daladala.

Na nauli ya Lyft ilikuwa nini hapo mwanzo? Haikuitwa nauli. Iliitwa mchango. Sheria ya California ilikataza mtu asiye na leseni kubeba abiria kwa malipo, kwa hiyo programu ya simu ilimpendekezea abiria kiasi cha kuchangia, naye akawa huru kukilipa, kukizidisha au kukipunguza. Ni ule ule ujanja wa teksi bubu wa kwetu akikutana na askari: huyu si abiria, ni shemeji yangu, ananichangia mafuta tu. Wakubwa wa California hawakushawishika. Novemba 2012 tume inayosimamia usafiri katika jimbo hilo ilizitoza Lyft, SideCar na Uber faini ya dola 20,000 kila moja. Mwaka uliofuata, Septemba 2013, tume hiyo hiyo ikaunda kundi jipya la kisheria kwa ajili ya kampuni hizo, zikahalalishwa. Mwaka huo huo Lyft ikaacha mchango, ikaweka nauli. Urafiki ulikwisha, biashara ikaanza.

Uber yenyewe ilianzishwa mwaka 2009 na Garrett Camp na Travis Kalanick, na mwaka 2010 ikaanza kazi San Francisco ikiwa na magari ya kifahari yenye madereva wa leseni. Baadaye ikafungua mlango kwa mtu yeyote mwenye gari lake. Ndiyo iliyotangaza duniani kote ile kanuni ya kuzidisha nauli, ambayo tunapaswa kuielewa kabla ya kuilaumu.

Kanuni yenyewe hufanya kazi hivi. Ramani ya mji hukatwa vipande vipande. Katika kila kipande kompyuta huhesabu watu wanaotafuta gari na madereva ambao hawana abiria. Watafutaji wakizidi, nauli ya kawaida huzidishwa, labda mara moja na nusu, labda mara mbili. Safari ya shilingi 10,000 inakuwa ya 20,000. Nia ni mbili: anayeweza kungoja angoje, na dereva aliyekaa nyumbani au aliye mtaa wa mbali avutwe aje.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 jambo hilo lilijaribiwa Boston. Huko madereva walikuwa wakienda kulala kiasi cha saa saba usiku, wakati ule ule walevi wanapotoka baa. Malipo ya saa hizo yalipoongezwa, idadi ya magari iliongezeka kwa asilimia 70 hadi 80, kwa maelezo ya upande wa kampuni. Ushahidi mwingine ulipatikana kwa bahati mbaya. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2015, mjini New York, mtambo wa kuzidisha nauli uliharibika kwa dakika 26 katika saa za msongamano mkubwa. Watafiti, baadhi yao wakiwa waajiriwa wa Uber, waliziangalia dakika hizo. Bei ilirudi chini, maombi yakafurika, na idadi ya walioomba gari wakalipata ikaporomoka. Bei ilikuwa nzuri, gari halikuwapo. Tumekwisha kuona habari hiyo hiyo kwa mwanafunzi wa kituo cha daladala.

Basi kanuni hiyo ina akili ndani yake. Lakini akili haitoshi. Tarehe 15 Desemba 2014, mjini Sydney, Australia, mtu mwenye silaha aliwashika watu mateka katika mkahawa katikati ya mji. Watu wakaanza kukimbia kutoka eneo hilo, wakafungua simu zao kutafuta magari. Kompyuta ikahesabu kama ilivyofundishwa: watafutaji wamezidi, pandisha. Nauli ikafika mara nne. Baada ya kelele za umma kampuni ilitoa usafiri wa bure, ikarudisha fedha na kuomba radhi. Kwa kompyuta, umati unaotoka kwenye muziki na umati unaokimbia risasi ni hesabu moja. Kondakta wa matatu, pamoja na tamaa yake yote, angalau ana macho, na abiria wanayaona macho hayo.

Kisha likaja badiliko ambalo halikupigiwa kelele nyingi, ingawa kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Katika siku za kwanza programu ilimwambia abiria waziwazi: nauli sasa ni mara mbili. Alikasirika, lakini alijua. Kuanzia mwaka 2016 Uber ilianza kumwonyesha abiria jumla moja tu, kabla ya safari. Abiria wengi walifurahi, na ni haki yao, kwani nani hapendi kujua atalipa kiasi gani? Lakini ile hesabu ya ndani ikafichwa nyuma ya namba hiyo. Zaidi ya hapo, huko Marekani malipo ya dereva yakaachana na nauli ya abiria. Abiria alilipa kadiri ya namba iliyokadiriwa mwanzo, dereva akalipwa kwa dakika na maili. Watu wawili katika gari moja, katika safari moja, wenye namba mbili tofauti. Ile kazi ya mita ya Bruhn, ya kuweka kipimo kimoja katikati yao, ikavunjwa kimyakimya.

Na nani basi ndiye mwenye kupanga? Kampuni hizi zilipenda kusema kwamba zenyewe ni dalali tu, mkutanishaji wa watu wawili huru. Sote tunamjua dalali. Dalali wa nyumba hukutanisha mwenye nyumba na mpangaji, wakabishana bei wao, yeye akapata chake. Dalali anayeweka kodi mwenyewe, akamkataza mwenye nyumba kuongeza hata senti moja, huyo ana jina jingine.

Mahakama ziliona hivyo hivyo. Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi iliyotoka Hispania, kwamba Uber ni huduma ya usafiri, na mojawapo ya sababu ilizozitaja ni kwamba kampuni ndiyo iliyoweka angalau kikomo cha juu cha nauli. Februari 2021 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba madereva waliofungua kesi walikuwa wafanyakazi wenye haki za kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Katika sababu zake, ya kwanza ilikuwa hii: kampuni ndiyo inayopanga nauli, na dereva haruhusiwi kutoza zaidi. Mwenye kupanga bei ya jasho lako ndiye bwana wako, hata akijiita dalali.

Afrika Mashariki ilionja chumvi hiyo mapema. Uber iliingia Nairobi mwaka 2015, na Dar es Salaam na Kampala mwaka 2016. Mwaka huo huo wa 2016 nauli zilipopunguzwa Nairobi, madereva waligoma. Wengi wao walikuwa wamechukua mikopo ya magari kwa kutazama nauli ya jana, na nauli ya jana ikafutwa asubuhi moja bila wao kuulizwa. Benki haikupunguza marejesho, wala petroli haikushuka. Mwaka 2022 Kenya ilitunga kanuni zinazoweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 18. Mwaka 2024 madereva wa Nairobi wakachapisha orodha zao wenyewe za nauli, wakazibandika garini, wakamwambia abiria: hiyo ya simu iache, soma hii. Tazama jinsi historia inavyozunguka. Katika zama za kompyuta, watu walirudi kwenye karatasi iliyobandikwa, kwa sababu karatasi inasomeka na wote wawili.

Tanzania nayo ilikuwa na mvutano wake. Mwaka 2022 LATRA iliamuru kwamba kamisheni isizidi asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma zake Aprili mwaka huo. Baada ya mazungumzo kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 kampuni ikarejea. Tulifanye jambo hili hesabu ya kawaida. Katika safari ya shilingi 10,000, asilimia 15 ni shilingi 1,500, na asilimia 25 ni shilingi 2,500. Tofauti ni shilingi 1,000. Dereva mwenye safari kumi kwa siku anazungumzia shilingi 10,000, ambazo ni unga, mafuta ya taa na nauli ya watoto kwenda shule. Mvutano wa asilimia huonekana mdogo kwenye meza ya mkutano, lakini nyumbani kwa dereva ni sufuria nzima.

Je, hakuna njia nyingine? Zipo, na zimejaribiwa. Yakutsk, mji wa baridi kali kupindukia mashariki mwa Urusi, mwishoni mwa mwaka 2012 kampuni za teksi zilipandisha nauli baridi ilipozidi. Wakazi wakaunda kundi la mtandaoni ambamo abiria alitaja safari yake na bei yake, na dereva aliyeridhika akajitokeza. Kutoka hapo ikazaliwa inDrive, ambayo mwaka 2018 ilifika Tanzania, ikianzia Arusha. Huo ni ule mjadala wetu wa dirishani mwa teksi: mia ngapi mpaka Kariakoo, punguza kidogo bwana. Uzuri wake ni kwamba wote wawili wanaijua bei. Ubaya wake ni kwamba madereva wakiwa wengi hushindana kushuka, mpaka anayeshinda ni yule mwenye njaa zaidi.

Huko Ufaransa BlaBlaCar, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilishika njia ya tatu. Mwenye gari anayesafiri safari yake kutoka mji hadi mji hugawana gharama na wenzake. Kampuni humpendekezea bei kwa umbali na kumwekea kikomo, ili asipate faida. Akipata faida, si kugawana tena, ni biashara, na sheria ya biashara itamfuata. Njia hiyo ni safi, ila inamfaa yule ambaye angesafiri hata bila abiria. Haimfai anayekula kwa usukani.

Kila njia, basi, ina ugonjwa wake, na sina nia ya kuwadai wakubwa wafunge bei kwa kufuli. Daladala imetufundisha matokeo yake. Ninalolisema ni jingine. Katika miaka zaidi ya mia tatu tangu sheria ile ya London, ushindi mmoja ulipatikana ambao haukumdhulumu mwenye gari wala abiria: kipimo kinachoonekana na pande zote mbili, kilichokaguliwa na mtu wa tatu. Hicho ndicho tulichokipoteza tulipohamia kwenye simu, na tulikipoteza bila hata kujua kwamba tulikuwa nacho.

Kukirudisha hakuhitaji miujiza. Mwaka 2024 jimbo la Colorado, Marekani, lilipitisha sheria inayozitaka kampuni kumwonyesha dereva na abiria pia abiria amelipa kiasi gani na dereva amepata kiasi gani. Ni jambo dogo la kuandikwa katika risiti. Kompyuta inayoweza kuhesabu watu wa mtaa mzima kwa sekunde moja haiwezi kushindwa kuandika mistari mitatu: nauli, kamisheni, malipo ya dereva. Na mamlaka iliyokagua mita kwa muhuri haiwezi kusema kwamba kukagua hesabu ya kompyuta si kazi yake.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jitney ilikuwa na senti yake tano, matatu mapeni yake matatu, daladala dala yake. Hayo yalikuwa madaftari ya watu wasiojua kusoma, na kila mtu aliyasoma. Safari ya leo ina daftari kubwa kuliko yote yaliyotangulia, lakini limefungwa, na ufunguo hauko kwa dereva wala kwa abiria. Tuombe lifunguliwe, tuone wenyewe shilingi zetu zinakwenda wapi.